Kiwavi Aliyeota Nyasi

Mwezi Agosti 1993, mjini Stuttgart, msichana wa Kenya mwenye umri wa miaka 15 alivishwa nishani ya shaba ya mbio za mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya riadha. Aliitwa Sally Barsosio. Juu yake jukwaani walisimama Wachina wawili, Wang Junxia mwenye dhahabu na Zhong Huandi mwenye fedha, na wenzao walikuwa wamezoa nishani zote tatu za mita 3,000. Watu wa riadha wakaanza kunong'onezana: China mwaka huu imekula nini? Jibu lilikuja haraka kuliko walivyotarajia. Tarehe 8 Septemba, katika Michezo ya Taifa mjini Beijing, Wang alizikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78, akaipunguza rekodi ya dunia ya Ingrid Kristiansen wa Norwei kwa sekunde 42. Rekodi za namna hiyo huchongwa sekunde moja moja, na huo haukuwa mchongo, ulikuwa mkato wa panga.

Waandishi wa habari walimbana kocha, Ma Junren. Akawapa siri tatu: mazoezi ya kufa na kupona, damu ya kobe, na kiwavi aliyeota uyoga kichwani. Siri ya kwanza iliaminika, ya pili ilichekesha, ya tatu ilifungua pochi za matajiri wa nusu ya Asia.

Habari nyingine zilikuja polepole. Mwaka 2000 China iliwaacha wanariadha sita wa Ma nje ya kikosi cha Olimpiki ya Sydney baada ya vipimo vya damu kutia shaka. Mwaka 2016 ikachapishwa barua iliyosemekana kuandikwa mwaka 1995 na Wang na wenzake, ikidai kwamba walishurutishwa kutumia dawa za kusisimua misuli. Mwaka huohuo Almaz Ayana wa Ethiopia aliivunja rekodi ya Beijing huko Rio, na mwaka 2024 Beatrice Chebet wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza kumaliza umbali huo chini ya dakika 29. Kufikia hapo kiwavi wa Ma alikuwa na soko lake, na soko hilo halikuwa likimsubiri mwanariadha yeyote.

Watibeti humwita yartsa gunbu, nyasi ya kiangazi, mdudu wa baridi. Wachina wameligeuza jina hilo kichwa chini miguu juu: dongchong xiacao, mdudu wa baridi, nyasi ya kiangazi. Majina yote mawili yanaeleza kile ambacho mchungaji wa yak hukiona kwa macho yake. Katika uwanda wa juu wa Tibet na miteremko ya Himalaya, kati ya mita 3,000 na 5,000 kutoka usawa wa bahari, viwavi wa nondo wa jamii ya Thitarodes huishi ardhini wakitafuna mizizi. Spora za kuvu humwingia mmoja wao. Kuvu hutambaa ndani ya mwili, hula nyama na utumbo, huacha ngozi ikiwa nzima kama mfuko ulioshonwa. Kabla ya kufa kiwavi husogea karibu na uso wa ardhi, kichwa kikielekea juu, na hapo hukauka na kugandishwa na baridi. Theluji inapoyeyuka, kijiti cha kahawia chembamba kama cha kiberiti hutoboa paji la uso wake na kuchungulia kati ya majani.

Afrika Mashariki uyoga na mdudu wanajulikana kwa mkataba mwingine: mchwa hulima kuvu ndani ya kichuguu, masika inapokolea uyoga unachipuka, na watu huchuma wakala. Kule juu hakuna mkataba. Mmoja ni mlaji, mwingine ni chakula.

Mwezi Mei na Juni familia nzima hupanda milimani na mahema, unga wa shayiri ya kukaanga, chai na siagi ya yak. Huko hutambaa. Mtu hupiga magoti na viwiko juu ya nyasi zenye umande wa barafu, uso ukiwa shubiri moja tu kutoka ardhini, akitafuta kijiti kimoja cha kahawia kati ya vijiti elfu vya kahawia. Akikiona hakivuti. Hupiga kijembe kidogo pembeni, hunyanyua donge zima la udongo, kisha hulivunja taratibu kwa vidole, kwa sababu kiwavi aliyeachana na kijiti chake amepoteza sehemu kubwa ya bei palepale. Udongo uliobaki husuguliwa kwa mswaki wa meno. Chini yake hutokea mwili wa manjano wenye mikunjo, na miguu jozi nane. Zile nne za katikati zinaonekana wazi, nazo ndizo anazozihesabu mnunuzi mjuzi ili asiuziwe mzizi uliofinyangwa.

Wauzaji wanapenda kusimulia kwamba zamani za kale yak walikula uyoga huu wakaanza kurukaruka kama ndama, na binadamu akajifunza kwao. Ni hadithi tamu isiyo na mwaka wala shahidi. Kilichoandikwa kinaanza na tabibu wa Kitibeti Zurkhar Nyamnyi Dorje, aliyeishi kati ya 1439 na 1475, ambaye aliisifu yartsa gunbu kama dawa ya kurudisha nguvu, hasa zile ambazo wanaume huziulizia kwa sauti ya chini. Mwaka 1757 Mchina Wu Yiluo aliiingiza katika kitabu chake cha dawa za mitishamba kwa kazi za heshima zaidi: mapafu, figo, kikohozi cha muda mrefu. Kabla ya hapo ilikuwa imeshafika Ulaya. Dominique Parennin, padri Mjesuiti wa Ufaransa aliyeishi Beijing akihudumu kwa mfalme, aliituma Paris, na mwaka 1726 mwanasayansi Réaumur akaizungumzia mbele ya Akademia ya Sayansi. Parennin aliiona kama mzizi wa mmea. Aliandika pia jinsi ya kuipika: unamjaza bata tumboni, unambanika kwa moto wa polepole, unamla kwa siku kadhaa. Inafaa kukumbukwa kwamba mgonjwa aliyeandikiwa dawa hii alikuwa akila bata mzima.

Ilimchukua Mwingereza Miles Berkeley, kasisi na bingwa wa kuvu, kuipa jina la kisayansi mwaka 1843. Mwaka 1878 ikahamishiwa jamii ya Cordyceps, na huko ikakaa karibu miaka 130. Mwaka 2007 wanasayansi waliosoma vinasaba vya kundi zima waliitoa tena, wakaiita Ophiocordyceps sinensis. Badiliko hilo lilionekana dogo, la makarani wa sayansi. Maana yake ilikuwa kubwa: kuvu ya Tibet na baadhi ya zile zilizoitwa ndugu zake hazikuwa hata familia moja. Tuliweke hilo pembeni kwanza, maana ndilo lenye mchezo wote.

Baada ya 1993 bei ilipanda kama moshi. Si kocha peke yake aliyeipandisha. China ilikuwa inatajirika, na boksi la viwavi waliopangwa kwa utepe mwekundu likawa zawadi inayofaa kwa mzee, kwa mkwe, na kwa ofisa ambaye saini yake inasubiriwa. Kati ya 1998 na 2008 bei katika Tibet iliongezeka kwa asilimia 900. Mwaka 2004 kiwavi huyu alileta asilimia 40 hivi ya fedha taslimu zilizoingia vijijini katika Mkoa wa Tibet. Gramu kwa gramu, wa daraja la juu alipita dhahabu. Katika sehemu za Qinghai nchini China na za Dolpa nchini Nepal shule zilifungwa msimu wa kuchimba, kwa kuwa watoto ndio wenye macho makali na magoti yasiyolalamika. Wachungaji walijenga nyumba, wakanunua pikipiki, wakalipa madeni ya hospitali.

Fedha hiyo ilikuja na visu. Mwezi Juni 2009 wachimbaji saba kutoka Gorkha waliingia bila ruhusa katika malisho ya kijiji cha Nar, wilaya ya Manang, Nepal, na wote saba wakauawa. Miaka miwili baadaye mahakama iliwatia hatiani wanakijiji 19. Mlima nao ulianza kuchoka: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha mavuno yakipungua kwa sababu ya uchimbaji na kupungua kwa baridi, na mwaka 2020 kuvu hii iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini.

Na ndani ya haya yote mtu anaweza kuuliza swali la kitoto: dawa yenyewe iko wapi? Ilikuwa inatoka, kweli, tena dawa za kuokoa maisha. Ila ilikuwa inatoka kwa jamaa wa kiwavi, wale wasio na utepe mwekundu.

Wa kwanza anaishi hata katika malisho ya Uingereza. Cordyceps militaris ni kirungu kidogo cha rangi ya karoti kinachochomoza kutoka kwa bundo wa nondo aliyezikwa kwenye majani. Linnaeus alishamwandika mwaka 1753 na hakuna aliyemnunulia boksi. Mwaka 1950 wanakemia wa Glasgow waliokuwa chini ya Profesa F. S. Spring, katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi, walitangaza kwamba wametenga kutoka kwenye kuvu hii kitu kipya, wakakiita kordisepini.

Kordisepini ni laghai. Inafanana sana na adenosini, mojawapo ya punje ambazo seli huziunga kutengeneza RNA, isipokuwa imepungukiwa na oksijeni moja mahali ambapo punje inayofuata hupaswa kushika. Fikiria fundi anayetunga shanga. Anaokota shanga ambayo tundu lake halijatoboka upande wa pili; uzi unaingia, hautoki, na mkufu umekomea hapo. Mapema miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliitumia hila hiyo kama chombo cha kazi: walizipa seli kordisepini, wakaona mRNA zinashindwa kuota mkia mrefu wa adenosini ambao mRNA nyingi huwa nao. Hivyo ndivyo umuhimu wa mkia ule ulivyoanza kueleweka. Chanjo za mRNA zilizochomwa mikononi mwa mamilioni wakati wa UVIKO-19 zina mkia wa namna hiyohiyo.

Kama dawa ya saratani, laghai huyu alikuwa na kasoro moja. Damu ya binadamu ina kimeng'enya kinachomtambua na kumvunja ndani ya dakika chache. Wanasayansi wakamweka kabatini.

Jamaa wa pili hakutafutwa na mtu. Kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake wabebe vifuko vya plastiki wakienda likizo na kurudi na udongo, kwani udongo wa popote huenda una kuvu yenye dawa. Mwaka 1969 mfanyakazi mmoja alirudi na udongo wa Hardangervidda, uwanda baridi wa Norwei usio na miti. Kuvu iliyooteshwa maabara kutoka kwenye udongo huo ilitoa kemikali iliyojaribiwa kama dawa ya kuua kuvu nyingine na kuonekana dhaifu. Ingeishia kwenye ndoo. Lakini Januari 1972, katika vipimo vya kawaida vya Sandoz, ilionekana inatuliza kinga ya mwili bila kuua seli ovyo. Ndiyo siklosporini. Ilipogoma kufyonzwa tumboni, Jean-François Borel na wenzake waliinywa wao wenyewe katika michanganyiko mbalimbali. Aliyeinywa kwa pombe ndiye damu yake ilionyesha imeingia. Mwaka 1978 Roy Calne wa Cambridge aliwapa wagonjwa waliopandikizwa figo, na mwishoni mwa 1983 Marekani ikaidhinisha. Kabla yake mwili mara nyingi uliikataa figo ya mgeni. Baada yake upandikizaji ukawa kazi ya kawaida ya hospitali kubwa.

Kuvu ile, Tolypocladium inflatum, ilijulikana kwa robo karne kama ukungu wa udongo tu. Mwaka 1996 Kathie Hodge wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walieleza waliyoyaona kwenye buu la mbawakawa: kijiuyoga cha jamii ya Cordyceps, ambacho kilipooteshwa maabara kiligeuka kuwa Tolypocladium inflatum ileile. Ukungu wa Sandoz ulikuwa na maisha ya pili, na katika maisha hayo ulikuwa muuaji wa wadudu, jamaa wa kiwavi wa Tibet. Na hapo kemia ikapata maana. Kuvu inayokaa wiki kadhaa ndani ya kiumbe hai ina haja na kitu cha kunyamazisha walinzi wa mwili huo.

Mjapani Tetsuro Fujita wa Kyoto alikuwa amekwisha kuifuata fikra hiyo. Alijua sifa za mdudu wa baridi katika tiba ya Kichina, akaamua kupekua jamaa zake. Katika Isaria sinclairii, kuvu inayoshambulia nyenje wa New Zealand, kikosi chake kilikuta kemikali kali ya kutuliza kinga. Wakaipunguza makali, wakaipindapinda mpaka ikawa fingolimodi, ambayo Marekani iliidhinisha Septemba 2010 kuwa kidonge cha kwanza cha kumeza cha kuzuia mashambulizi ya ugonjwa wa skilerosisi ya sehemu nyingi. New Zealand hiyohiyo ina kiwavi wake mwenye uyoga kichwani. Wamaori humwita āwheto, na zamani walimchoma kuwa mkaa wa kutia wino wa chale. Hao angalau walijua wanachokitaka kwake.

Wakati huo China ilikuwa inahangaika na kiwavi wa mlimani, ambaye hakubali kulimwa. Miaka ya 1980 wataalamu walitenga kuvu kutoka katika miili ya viwavi, wakazikuza kwenye mapipa, wakatengeneza vidonge vilivyouzwa kwa wingi. Vinasaba vilipokuja kusomwa ikaonekana kwamba baadhi ya kuvu hizo si yartsa gunbu hata kidogo, ni wapangaji tu waliokuwa wamejibanza kwenye mzoga uleule. Wakulima wa kawaida walikwisha kuchukua njia nyepesi: walimpanda yule wa rangi ya karoti. Cordyceps militaris haichagui sana. Wakorea humkuza juu ya bundo wa hariri, Wachina juu ya wali uliopikwa ndani ya chupa, na baada ya wiki kadhaa chupa hujaa virungu vya machungwa kama mswaki. Kwenye lebo huandikwa "cordyceps", picha ya mlima wa theluji hutiwa nyuma, na mnunuzi huachwa ajaze mwenyewe kilichobaki.

Kila mkulima wa chupa anaijua balaa ya mbegu kuzeeka. Kuvu inayohamishwa kutoka chupa hadi chupa mara nyingi hufika siku ikagoma: inatanda nyeupe juu ya wali kama pamba na haitoi kirungu hata kimoja. Dawa za kienyeji za tatizo hilo ni kama za mfugaji yeyote. Unachagua jike bora, unazaliana upya, unabadilisha chakula, unaongeza mwanga. Wenye maabara waliongeza mionzi, wakiipiga kuvu na kuchagua wachache waliobadilika kwa faida. Mbinu hiyo ni ileile iliyotumika Marekani miaka ya 1940 kwa ukungu wa penisilini uliookotwa kwenye tikiti bovu la soko la Peoria. Inafanya kazi, lakini ni kama kulenga embe gizani kwa mawe: baadhi yatafika, hujui ni yapi wala yamevunja nini kingine.

Taa iliwashwa Shanghai. Mwaka 2011 kikosi cha mwanasayansi Wang Chengshu kilichapisha jenomu ya Cordyceps militaris, herufi kama milioni 32. Mwaka 2017 kikosi hicho kikaonyesha mahali penyewe: jeni nne zilizokaa bega kwa bega, zikapewa majina Cns1 hadi Cns4. Mbili za kwanza hutengeneza kordisepini. Ya tatu iliwashangaza. Hutengeneza pentostatini, dawa ambayo hospitali zilikuwa zinaitumia tangu 1991 kutibu aina adimu ya saratani ya damu, na ambayo ilijulikana zaidi kutoka kwa bakteria wa udongo. Kazi ya pentostatini ni kukizuia kimeng'enya kilekile kinachoivunja kordisepini. Kwa maneno mengine, uyoga ule mdogo ulikuwa umeshalitatua tatizo lililowashinda wanakemia tangu enzi za Glasgow: unapomtuma laghai wako, unampa na mlinzi. Jeni ya nne ni mlango, pampu inayomtoa mlinzi nje ya seli anapozidi.

Kisha wakatafuta jeni hizo kwa wengine. Jenomu ya kiwavi wa Tibet ilikuwa imesomwa mwaka 2013. Ndani yake hazimo. Kuvu yenye bei ya dhahabu haina mtambo wa kordisepini; kuvu ya chupa ya wali inao. Badiliko lile la jina la mwaka 2007, ambalo wafanyabiashara walilidharau, lilikuwa limeshasema hivyo kwa lugha ya makarani.

Ugunduzi huo uliibadilisha kazi ya kuongeza mavuno. Mwaka 2018 watafiti wa China walitangaza kwamba wamefanikiwa kutumia mkasi wa jeni, CRISPR, ndani ya Cordyceps militaris yenyewe, na sasa mtu angeweza kukata jeni moja badala ya kutupa mawe gizani. Wengine waliona uyoga wenyewe ni mzigo. Kirungu huchukua wiki. Hamira hugawanyika mara mbili ndani ya saa mbili hivi, na viwanda vimeilisha sukari kwa miaka mingi. Wakazichukua Cns1 na Cns2 wakazipandikiza kwenye hamira ya mikate, na kwenye binamu yake Yarrowia lipolytica anayependa mafuta. Hamira ikaanza kutoa kordisepini.

Kuna sababu ya pili ya kuhamia kwenye hamira, nayo haisemwi sana kwenye matangazo. Pentostatini ni dawa kali yenye madhara yake, na anayekula virungu vya machungwa kwa wingi anakula na mlinzi bila kupimiwa. Hamira hupewa jeni mbili tu, ya tatu ikaachwa nje. Dawa inayotoka ni moja, inajulikana uzito wake. Hata hivyo kordisepini tupu bado haijaidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Mwaka 2019 kampuni ya NuCana ya Edinburgh, ikishirikiana na Oxford, ilianza kuwajaribia wagonjwa kordisepini iliyofungiwa kemikali nyingine ya kuikinga isivunjwe njiani. Hilo ni jibu la wanakemia kwa tatizo ambalo uyoga ulilijibu kwa mlinzi.

Kwa siklosporini ramani ya jeni ilikuja mapema zaidi. Mwaka 1994 jeni ya kimeng'enya kinachoiunga ilisomwa na kukutwa na herufi zaidi ya 45,000 mfululizo. Kimeng'enya chenyewe ni msururu wa vituo 11, kila kituo kikiunga amino asidi moja, kama foleni ya mafundi wanaopokezana tofali. Ni miongoni mwa vimeng'enya vikubwa kabisa vinavyojulikana. Kuhamisha foleni ya namna hiyo kwenda kwa hamira si kazi ya asubuhi moja.

Ukoo huu una tawi lake Afrika pia, na huko kazi yake ya asili haijafichwa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi kimechagua Metarhizium, kuvu inayoua wadudu, na aina yake moja, namba 69, imefika mashambani kama dawa ya kudhibiti wadudu waharibifu. Katika kijiji cha Soumousso, Burkina Faso, watafiti waliitia Metarhizium jeni ya sumu ya buibui wa Australia, wakaijaribu ndani ya banda kubwa la chandarua dhidi ya mbu wa malaria wanaohimili dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: ndani ya siku 45, mbu walikuwa karibu wametoweka. Hapa kuvu haikutakiwa kumtibu mtu. Ilitakiwa iendelee kuua mdudu, kwa kasi zaidi.

Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya China ilipima yartsa gunbu na bidhaa zake. Ikakuta arseniki kati ya miligramu 4.4 na 9.9 kwa kilo, wakati kiwango cha vyakula vya afya ni 1.0. Ikaonya, na mpango wa majaribio wa kuiuza kama chakula cha afya ukafungwa. Bei za kiwavi zimeyumba mara kadhaa tangu hapo, lakini msimu haujakosa wachimbaji.

Katika miji ya Qinghai, msimu ukifika, akina mama hukaa kando ya barabara wakiwa na beseni na mswaki, wakisugua mmoja baada ya mwingine. Wanunuzi hupita na mizani midogo. Bei haisemwi kwa mdomo: muuzaji na mnunuzi huingizana mikono ndani ya mikono mirefu ya nguo, na vidole vikabanana humo gizani, hiki mia, hiki elfu, kama walivyofanya wafanyabiashara wa lulu wa Ghuba chini ya kitambaa. Majirani hutazama nyuso tu, wasione kitu. Kisha mnunuzi huokota kiwavi mmoja, humwinua kwenye mwanga, huhesabu jozi nne za miguu ya katikati. Akimaliza humpapasa tumbo polepole kwa kidole gumba, kuanzia mkiani hadi kichwani, akisikiliza kama kuna kijiti cha kuchokolea meno kilichounga vipande viwili, au uzi wa risasi uliotumbukizwa kuongeza uzito.